Watumishi wa Chama, na Niliyoyaona Mbinga na Pwani ya Nyasa



Katika mkutano wetu uliopita alisimama mzee mmoja ambaye sote twamheshimu, akauliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alisema: "Bwana Katibu, chama hiki si duka. Hatufanyi biashara ya kugawana faida. Kwa nini basi tumlipe mtu mshahara, na hali sisi wenyewe tumo na wana wetu wamo?" Watu wengi walipiga makofi. Niliahidi kujibu katika karatasi hii, na leo natimiza ahadi, ingawa nimechelewa miezi miwili. Sababu ya kuchelewa ni kwamba katikati hapo nilijaliwa safari ya kwenda Mbinga, katika Mkoa wa Ruvuma, nikashuka mpaka Mbamba Bay kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Niliyoyaona na kuyasikia huko yalinifanya nilichane jawabu nililokuwa nimekwisha kuliandika.

Kabla ya kusimulia ya Mbinga, yapasa niseme ya kwetu, maana wako wasio na habari kamili. Msimu uliopita karani wetu wa mizani alituacha katikati ya mavuno. Alikuwa kijana mwaminifu, sina neno la kumlaumu. Alitutumikia misimu minne kwa posho ya chai na nauli, wala hakuwa na hata karatasi moja iliyosema kazi yake ni ipi, inaanza lini, na akitaka kuondoka atoe taarifa ya siku ngapi. Alipopata kazi ya hoteli kaskazini ya Unguja aliaga Alkhamisi, Ijumaa akapanda boti. Daftari aliliacha mezani, lakini aliliandika kwa alama zake mwenyewe, nukta na vistari, ambazo hakuna aliyezijua ila yeye. Ikawa hatujui gunia lipi ni la nani, wala nani amekwisha kukatwa gharama ya gari na nani bado. Wanachama waligombana hadharani, na wawili ambao ni ndugu wa tumbo moja hawasalimiani mpaka leo. Kosa lile lilikuwa langu mimi Katibu. Misimu minne nilimwona akiandika alama zile, nisimwulize hata mara moja.

Basi nilikwenda Mbinga na jambo hilo moyoni.

Mbinga ni nchi ya milima na baridi. Mtu wa pwani hana budi kuazima koti. Wenyeji wake wa milimani ni Wamatengo, na zao lao kubwa la fedha ni kahawa ya arabika. Chini ya milima, upande wa magharibi, ndiko kwenye ziwa, na tangu mwaka 2012 sehemu hiyo ya ziwani imekuwa wilaya peke yake, Wilaya ya Nyasa. Barabara ya lami siku hizi inashuka mpaka Mbamba Bay. Huko nilikula ugali kwa usipa, dagaa wa ziwa lile, na sitaki kuwaudhi wavuvi wetu kwa kusema jinsi walivyo watamu.

Jambo la kwanza lililonishangaza lilikuwa shamba, kabla ya ofisi yo yote. Wamatengo hulima miteremko mikali kwa namna wanayoiita ngolo. Mwisho wa masika hukatwa majani, yakalazwa chini kwa mistari inayokatana hata yakafanya miraba. Kisha huchimbwa udongo wa katikati ya kila mraba na kufunikizwa juu ya yale majani. Mlima wote hubaki na vishimo vingi kama sega la nyuki, na katikati ya vishimo kuna matuta. Maji ya mvua hutulia shimoni, udongo hauteremki, na majani huoza yakawa mbolea. Hupandwa maharagwe, na msimu wa pili mahindi. Kwa desturi kukata majani na kuyalaza ni kazi ya wanaume, na kufukia, kuchimba na kupanda ni kazi ya wanawake. Mzee mmoja alinionyesha shamba lake, nikamwuliza ni nani anayewapangia watu kazi. Alinicheka. Alisema, "Mwanangu, aliyezaliwa hapa akafikia umri wa kushika jembe, kazi yake anaijua. Mgeni ndiye wa kuambiwa."

Nililifikiri sana neno lile usiku. Mzee wetu aliyeuliza swali mkutanoni anafikiri kama mzee huyu wa Mbinga, na katika shamba ana haki. Wakati wa kuchuma karafuu hakuna anayemwandikia mtu barua ya kumwambia apande mkarafuu au abaki chini kuchambua makonyo. Kila mmoja anajua. Lakini chama hakikuzaliwa nasi. Mizani, daftari, hesabu ya benki, barua za serikali, kitalu cha miche ya watu mia, hayo ni mambo ambayo hakuna aliyeyarithi kwa babu yake. Humo sote ni wageni, na mgeni ndiye wa kuambiwa.

Wamatengo wana desturi nyingine iitwayo sengu. Zamani watu wa ukoo walikusanyika uani kwa babu, wakala pamoja, na katika kula huko mambo yakazungumzwa: nani mgonjwa, shamba la nani limebaki nyuma, vijana gani wamekosa adabu, kazi gani ifanywe kesho na nani. Desturi ilipungua kama desturi nyingi zilivyopungua. Lakini baina ya mwaka 1999 na 2004 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilifanya kazi Mbinga pamoja na wataalamu wa Kijapani, na katika kijiji cha Kindimba wanakijiji walijenga mashine ya kusaga inayozungushwa na maji ya mto. Nguvu ya kazi ilikuwa yao wenyewe. Mashine ilipohitaji watu wa kuisimamia, waliunda kamati wakaiita Sengu. Jina la zamani likapewa kazi mpya. Vikundi vya kupanda miti, kufuga samaki na kufuga nyuki vikafuata.

Naomba msomaji aangalie vizuri jambo hili. Mashine ya kusaga yataka mtu wa kuitia mafuta, mtu wa kupokea fedha, mtu wa kuandika, na mtu wa kuamka usiku mto ukifurika. Moyo wa kujitolea ulitosha kuijenga. Kuiendesha kila siku kwataka mtu anayejulikana kwa jina, mwenye wajibu unaojulikana, na wenzake wa kumwuliza. Sengu ya zamani ilikuwa na hayo yote bila karatasi, kwa kuwa babu aliwaona wote kila jioni. Sisi tunaonana mara mbili kwa mwaka.

Sasa nije kwenye vyama vyenyewe. Upande ule wana historia ndefu ya ushirika, na ndani yake mna mazuri na machungu. Chama kikuu cha Wangoni na Wamatengo, kilichojulikana kama NGOMAT, kiliandikishwa mwaka 1936, kwanza kwa ajili ya tumbaku. Sisi wa karafuu tulitangulia kidogo kuwa na chama kikubwa, kile cha mwaka 1927, ingawa hicho upesi kiligeuka mkono wa serikali ya wakati ule. Baada ya uhuru ushirika wa Tanganyika ulikua kwa kasi mno, hata mwaka 1966 serikali ikaunda kamati maalumu ya kuchunguza kwa nini vyama vingi vinalalamikiwa. Kamati ilitaja sababu kadhaa: wanachama hawakuelewa chama chao, demokrasia ilikuwa dhaifu, na wanasiasa waliingilia kazi. Tena ilitaja upungufu wa watumishi wanaofaa. Makarani walikuwa wengi, ila waliojua kazi walikuwa wachache, na wengine waliingia kwa sababu ya kuwa mtoto wa fulani.

Dawa iliyotolewa yafaa kusimuliwa, kwa kuwa yatuhusu. Mwaka 1968 kuajiri, kuadhibu na kufukuza watumishi wa vyama vikuu kukawekwa chini ya tume moja ya utumishi wa ushirika kwa nchi nzima. Kwa upande mmoja ilikuwa nafuu: mwenyekiti wa chama hakuweza tena kumpachika mpwa wake. Kwa upande wa pili, karani akawa anatazama Dar es Salaam kwa riziki yake, na mkulima anayesimama mbele ya dirisha lake akawa hana la kumfanya. Miaka minane baadaye, mwaka 1976, vyama vikuu vyote vilivunjwa. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na Mbinga ikapata chama kikuu chake cha wakulima wa kahawa, MBICU. Nacho kilianguka katika miaka ya 1990, wakati biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi na madeni yalipozidi. Wazee wa huko wakilitaja jina hilo hutikisa kichwa. Siku hizi wakulima wamerudi kwenye vyama vidogo vya msingi, ambako mwanachama na karani wanajuana kwa sura.

Siwezi kusema kwamba MBICU ilianguka kwa ajili ya watumishi peke yao. Bei ya kahawa ilikuwa mbaya na benki hazikuwa na huruma. Lakini neno moja nililisikia kwa watu watatu mbalimbali, wa vijiji visivyojuana: mambo yalipoharibika hawakujua wamwulize nani. Meneja alisema ni bodi. Bodi ilisema ni meneja. Nilipowasikia nilikumbuka ofisi yetu, ambamo Mwenyekiti, mimi na Mshika Fedha wote twaweza kumtuma karani, na hakuna aliyekwisha kuandika ni nani kati yetu karani amsikilize tukitofautiana.

Jirani na Mbinga, upande wa Songea, kulikuwa na jaribio jingine ambalo vijana wa leo hawalijui. Mwaka 1960 vijana wa TANU walikwenda kuanzisha makazi ya kilimo cha pamoja mahali paitwapo Litowa. Mara ya kwanza walishindwa, wakarudi tena mwaka 1961. Kiongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Baadaye vijiji vingine viliungana nao katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, na kufikia mwaka 1969 vilikuwa kiasi cha 17. Walikuwa na mashine ya kusaga, mashine ya kupasua mbao, na shule ya Litowa ambayo watoto walisoma na kulima, na ambayo Mwalimu Nyerere aliipenda sana. Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, aliishi nao pamoja na jamaa zake akiwa mshauri, si mkubwa wao.

Kwa habari ya watumishi, Litowa walikuwa na akili. Walijua kwamba kijiji kipya hakiwezi kusimama kwa hotuba. Basi walichagua kutoka vijiji vya zamani watu waliokwisha kuzoea kazi, wakawatuma kukaa katika vijiji vipya, kulima nao na kuwafundisha kwa mikono. Na watoto wao waliwasomesha wakitazamia kwamba mafundi na makarani wa kesho watatoka humo humo. Yaani walimtayarisha mrithi kabla mwenye kazi hajaondoka. Sisi tulianza kutafuta karani siku ile boti ilipokwisha kung'oa nanga.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua chama kile kivunjwe. Mali ikachukuliwa, na walimu wa shule ya Litowa wakahamishiwa kwingine. Mengi yameandikwa juu ya sababu zake nami sitaki kuingia siasa za marehemu. Natazama jambo moja tu. Walimu walipoondolewa, ile shule iliyosifiwa ikawa shule kama nyingine, kwa kuwa sifa yake yote ilikuwa katika watu waliokuwamo. Lakini kijiji cha Matetereka, ambacho nacho kilikuwa katika umoja ule, kiliendelea na kazi za pamoja miaka mingi baadaye. Huko kazi ilikuwa imekwisha kuingia katika mikono ya wanakijiji wenyewe, na mikono hiyo haikuweza kuhamishwa kwa barua.

Nikishuka ziwani nilipita Litembo, penye hospitali ya kanisa Katoliki juu mlimani, na huko pwani nikafika Liuli, penye hospitali ya Waanglikana. Hizi ni kazi zisizotafuta faida kama chama chetu, tena kubwa kuliko chetu mara nyingi. Nilidhani huko watu hufanya kazi kwa ajili ya Mungu tu. Mama mmoja muuguzi mstaafu alinisahihisha kwa upole: "Mungu twamtumikia, lakini watoto nao wanakula." Alinikumbusha ya miaka ya 2005 na kuendelea, serikali ilipopandisha mishahara ya waganga na wauguzi na kuajiri kwa wingi. Hospitali nyingi za makanisa katika Tanzania ziliona watumishi wao wakiondoka mmoja mmoja kwenda serikalini, si kwa kuchoka na ibada, ila kwa mshahara na pensheni. Tangu hapo hospitali hizo hutegemea sana watumishi wanaolipwa na serikali, na nyingine zina vyuo vyao vya kufundisha wauguzi, kama pale Peramiho. Nikamwuliza, kwa nini yeye mwenyewe hakuondoka? Alisema alipokuwa mzazi alipewa likizo yake bila kuomba mara mbili, na mshahara wake, ingawa mdogo, ulikuja tarehe ile ile kila mwezi. Akaongeza: "Na kila mtu alijua kazi yangu ni ipi. Hakuna aliyenituma sokoni."

Ndugu wanachama, neno hilo la mwisho lilinichoma. Karani wetu tulikuwa tukimtuma sokoni. Mimi nimemtuma.

Basi sasa jawabu langu kwa mzee wetu. Ni kweli chama si duka na hatugawani faida. Lakini kutogawana faida maana yake ni kwamba kinachobaki hurudi katika kazi ya chama. Si kwamba kazi yenyewe haina gharama. Yule kijana alitulipia gharama hiyo misimu minne kutoka mfukoni mwake, kwa saa alizotoa bila malipo, na alipochoka tulilipa sote kwa magomvi. Tena nakubaliana na mzee katika nusu ya neno lake: si kila kazi ilipwe. Kufyeka kitalu, kubeba majamvi mvua ikitishia, kumtazama mchumaji aliyeanguka, hizo zibaki kazi za kujitolea kama zamani, na naogopa tukianza kuzilipa tutaua jambo zuri. Ila kazi ya kila siku, yenye fedha za watu au yenye hesabu za watu, yataka mtu mwenye mkataba.

Mkataba si jambo la kutisha. Bara, Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mtumishi maelezo ya maandishi: jina lake, kazi yenyewe, siku ya kuanza, muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi na malipo. Likizo ni siku 28 kwa mwaka. Huku kwetu Zanzibar tuna sheria yetu ya ajira, ya mwaka 2005, na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Hatutaweza kuajiri na kujifanya hatuzijui. Nimemwomba afisa wa kazi aisome rasimu yetu kabla ya mkutano, naye amekubali.

Halmashauri imekwisha kukaa mara mbili juu ya jambo hili, na sitaficha kwamba hatukukubaliana katika yote. Tumekubaliana kwamba aajiriwe karani mmoja wa mizani na daftari kwa mkataba wa mwaka. Kwamba atangazwe wazi, msikitini na sokoni, wala asiwe mtoto wala mpwa wa mjumbe wa Halmashauri. Kwamba bosi wake awe Katibu peke yake, na mwenye malalamiko juu ya Katibu ayapeleke kwa Mwenyekiti. Kwamba daftari liandikwe kwa namna moja, na kila Ijumaa mtu wa pili alipitie na kutia sahihi. Tumekubaliana pia awepo msaidizi wa kujifunza, kijana wa kike au wa kiume aliyemaliza sekondari, apewe posho, ili siku karani akiondoka kazi isisimame. Tuliyotofautiana ni mawili. La kwanza, fedha: wajumbe wengine wataka makato madogo kwa kila kilo, wengine wataka ada ya mwaka iongezwe sawa kwa wote. Wenye mikarafuu michache watapenda la kwanza na wenye mingi watapenda la pili. Hilo halihitaji mnajimu. La pili, kama karani wa zamani naye aruhusiwe kuomba. Mimi nasema aruhusiwe. Mshika Fedha anasema hapana, na ana sababu zake, atazieleza mwenyewe.

Rasimu ya mkataba imebandikwa ukutani ofisini tangu Jumatatu. Wasioona vizuri na wasiosoma watasomewa Jumatano baada ya sala ya Alasiri, na maswali yataandikwa ili yafike mkutanoni. Karani wetu wa zamani nimezungumza naye kwa simu; ameahidi kuja Jumapili ya pili ya mwezi, siku yake ya mapumziko, atufasirie alama zake ukurasa kwa ukurasa. Chama kitamlipia boti na kutwa moja ya kazi. Wenye madai ya msimu uliopita walete stakabadhi zao saa tatu asubuhi, na wale ndugu wawili nimekwenda kwao nyumba kwa nyumba kuwaomba waje wote wawili.

Katibu wa Chama